Kabla Hujapunguza Chakula cha Mtoto Mnene

Mtoto akionekana amenenepa kupita umri wake, hatua ya kwanza katika nyumba nyingi ni kumpunguzia sahani. Wiki ya pili anaanza kudokoa. Wiki ya nne pakiti tupu za biskuti zinaokotwa chini ya godoro, na mzazi anaamua kwamba mwanawe ni mroho na tena mwongo. Huenda si lolote kati ya hayo. Huenda chakula kilikuwa na kazi yake: kinamtuliza baada ya siku ya kuzomewa, kinamkalia mahali pa rafiki, kinajaza saa tatu za upweke kila jioni. Ukikiondoa bila kujua kazi hiyo, kazi inabaki palepale, na mtoto anaitafutia chakula kingine kwa siri.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine. Unapima, unachunguza kwa wiki mbili bila kubadili chochote, ndipo unaanza kubadili mambo ya nyumbani moja baada ya jingine. Maelezo haya yanamhusu zaidi mtoto wa miaka 4 hadi 14.

Kupima

Macho ya mzazi hayaaminiki sana katika jambo hili. Penye watu wanene, mtoto mnene huonekana wa kawaida. Na mzazi mwenye hofu humwona mnene mtoto anayejaza mwili kidogo kabla ya kubalehe, jambo ambalo ni la kawaida kabisa.

Mvue viatu na ufungue nywele kama zimefungwa juu. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele, kidevu kisiinuke. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa kikiwa kimebana ukuta sawasawa, piga alama kwa penseli, kisha pima kutoka sakafuni. Rudia. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya sentimita 1, pima mara ya tatu. Uzito upimwe akiwa na nguo nyepesi, mzani ukiwa juu ya sakafu ngumu. Juu ya zulia mzani hudanganya.

Chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu ni ule uwiano unaoandikwa BMI kwenye chati. Kwa mtu mzima namba hiyo inasomwa peke yake, lakini kwa mtoto haina maana mpaka uiweke kwenye chati ya umri na jinsia yake. Kwa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 5 hadi 19 aliyevuka mstari wa +1 ana uzito uliozidi, na aliyevuka mstari wa +2 ana unene uliopitiliza. Walio chini ya miaka 5 wana chati yao ya uzito kwa urefu, na mistari yao ni +2 na +3.

Tuchukue mvulana wa miaka 8, urefu sentimita 128, uzito kilo 34. Mita 1.28 mara 1.28 ni 1.638, 34 gawa kwa 1.638 ni 20.8. Mstari wa +2 kwa mvulana wa miaka 8 uko 19.7, kwa hiyo ameuvuka. Sasa tuseme mwaka mzima unapita, anarefuka sentimita 6, na uzito unabaki kilo 34 zilezile. Uwiano wake unakuwa 18.9, na mstari wa +2 kwa umri wa miaka 9 uko 20.5. Ametoka kwenye unene uliopitiliza bila kupoteza hata gramu moja. Ndiyo sababu kwa watoto wengi ambao bado wanakua, lengo la mwanzo ni kuzuia uzito usipande ovyo na kuuacha urefu ufanye kazi yake. Aliyevuka mstari wa +3, au kijana aliyekaribia kumaliza kukua, lengo lake lipangwe na daktari.

Angalia pia jinsi kosa dogo la urefu linavyoharibu hesabu. Mvulana huyohuyo akipimwa 125 badala ya 128, uwiano unaruka hadi 21.8. Kabla ya kuogopa namba, rudi ukapime.

Mpimie faraghani, usiitaje namba mbele ya ndugu zake, kisha uufiche mzani. Kupima kila baada ya miezi 3 kunatosha. Mtoto anayepandishwa mzani kila Jumapili anajifunza kwamba thamani yake ya wiki inasomwa pale chini ya miguu yake.

Daftari la wiki mbili

Nunua daftari dogo na uliweke mahali ambapo mtoto hafiki. Kila anapokula, andika mambo matano: saa, alichokula kwa makadirio, alikuwa wapi na nani, nini kilitokea katika saa moja iliyotangulia, na alikula vipi, yaani taratibu, kwa pupa au kwa kujificha. Ongeza saa aliyolala na saa aliyoamka. Kalori usiziandike; zitakufanya mhasibu, na hapa unahitaji kuwa mtazamaji. Katika wiki hizi mbili usibadili chakula wala maneno, maana ukibadili hutajua ulikuwa unaangalia nini.

Ukurasa wa daftari la namna hii unaweza kusomeka hivi:

Jumatatu, saa 10:20 jioni. Katoka shule, kaenda kabatini moja kwa moja, begi bado mgongoni. Biskuti kama 10, kasimama. Chakula cha shule hakukigusa.
Jumanne, saa 10:30 jioni. Vilevile.
Alhamisi, saa 2:15 usiku. Baba na mama walipandishiana sauti. Kaomba mkate mara mbili baada ya kushiba chakula cha usiku. Kala chumbani, mlango umefungwa.
Jumamosi. Alicheza nje na binamu zake mchana kutwa. Hakuomba kitu nje ya mlo.

Mzazi mwenye haraka anaona mtoto anayependa biskuti. Soma tena. Alhamisi ni chakula cha kutuliza hofu, hilo liko wazi. Lakini Jumatatu na Jumanne ni njaa ya kweli kabisa, ya mtoto aliyeshinda bila kula. Swali la kuuliza ni kwa nini hakugusa chakula cha shule, na mara nyingi jibu ni kwamba anaona haya kutafuna mbele ya wanaomcheka mwili. Aibu ya saa saba mchana imegeuka pupa ya saa kumi jioni. Ukifunga kabati umetibu mahali pasipouma.

Njaa ya tumbo huja polepole, haibagui sana chakula, na hukoma mtu akishiba. Njaa ya moyo huja kwa ghafla, hutaka kitu kimoja tu, mara nyingi kitamu au chenye chumvi na mafuta, haisikii tumbo lililojaa, na nyuma yake huacha aibu. Jaribio jepesi ni kumpa chakula cha kawaida kilichobaki mchana. Akikila vizuri, alikuwa na njaa. Akikikataa huku akiendelea kuulizia biskuti, kaa naye, kuna jambo. Jaribio hili si kipimo cha maabara, mtoto mwenye njaa naye ana haki ya kuchagua, lakini likirudiwa mara kadhaa huonyesha mwelekeo.

Namna mwili na hisia vinavyovutana

Unene na huzuni husukumana kwa pande zote mbili. Mtoto mnene ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutaniwa na kubaguliwa kwenye michezo; anajitenga, anatembea kidogo, anachelewa kulala akiwa na simu, anakula kujiliwaza. Upande wa pili, mtoto aliyeanza na sonona au wasiwasi akiwa na mwili wa kawaida huweza kunenepa kwa njia hiyohiyo. Msongo wa muda mrefu nyumbani, kama ugomvi, msiba, wazazi kuachana au kunyanyaswa, huweka juu homoni ya kotisoli, na mwili wenye kotisoli nyingi huvutwa na vitamu na mafuta. Mtoto huyo hadekezwi na mwili wake. Anajitibu kwa dawa iliyo karibu.

ADHD, ile hali ya kutotulia na kukosa umakini, ina njia yake. Mtoto hutenda kabla ya kufikiri, hivyo hula alichokiona. Husahau mlo akizama kwenye mchezo, kisha hula maradufu. Akiwa anatumia dawa za kundi la methilifenidati, hamu ya kula huzimika mchana na kurudi kwa kishindo jioni dawa inapoisha nguvu. Hapo dawa ni kumlisha vizuri asubuhi kabla ya kidonge na kumwekea mlo wa jioni mapema.

Kuna na dawa zinazonenepesha zenyewe. Risperidoni na olanzapini zinazotolewa kwa matatizo ya tabia na akili, valproati ya kifafa, na steroidi za kumeza (dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini) zikitumika kwa muda mrefu, zote huongeza hamu ya kula au uzito. Mzazi hulaumu nidhamu ya mtoto wakati sababu iko kwenye chupa aliyoandikiwa. Usiisimamishe dawa mwenyewe, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na steroidi zikikatwa ghafla ni hatari. Nenda kwa aliyeiandika na daftari lako, uulize kama kuna mbadala.

Maneno ya nyumbani

Hili linazidi sahani kwa uzito, na ndilo gumu zaidi. Utani wa nyumbani kuhusu mwili umehusishwa katika tafiti na kula kwa kupoteza udhibiti na kuongezeka uzito zaidi miaka inayofuata. Yaani kumtania mtoto ili apungue hutokea kumnenepesha.

Acha majina ya utani yote yanayotaja mwili, hata yale ya mapenzi aliyopewa akiwa mchanga. Acha kumlinganisha na mdogo wake. Acha pia kuusema vibaya mwili wako mwenyewe mbele yake. Anaposikia mama akijichukia kitambi, anajua mama anaonaje cha kwake.

Badala ya "umeshakula sana", nyamaza. Badala ya "hizi ni za watu wembamba", usiweke mezani kitu ambacho yeye peke yake hatakula. Akikuuliza waziwazi, "Mama, mimi ni mnene?", usimkatalie, kwa sababu ana kioo na ana wenzake. Mwambie: "Mwili wako kwa sasa ni mkubwa kuliko wa wenzako wengi. Miili hutofautiana, na sisi sote nyumbani tunajifunza kula na kucheza vizuri zaidi. Kuna mtu amekwambia neno?" Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Ukishaiuliza, nyamaza usikilize.

Wageni na ndugu ni mlango wa nyuma. Shangazi akifika na kusema "huyu naye mmemlisha nini!", mtoto anakuangalia wewe kabla ya kumwangalia shangazi. Jibu hapohapo kwa upole: "Shangazi, hapa kwetu hatuzungumzii miili ya watoto. Hebu mwulize habari za shule." Ukicheka naye kwa heshima, umempigia kura. Bibi anayempa peremende kwa siri msemeshe pembeni: mwombe kazi nyingine ya upendo, kama kumsimulia hadithi au kumfundisha kitu kwa mikono, kwa sababu ukimnyang'anya peremende bila kumpa kitu badala yake atarudi kwenye peremende.

Chakula kisiwe bakora wala tuzo

"Ukimaliza mboga utapata keki" humfundisha mtoto kwamba mboga ni adhabu na keki ni thawabu. "Leo hupati chakula cha usiku kwa utundu wako" humfundisha kwamba chakula kinaweza kukatika wakati wowote, na anayehofia kukatika hujaza tumbo kipatikanapo. Tuzo ziwe muda na wewe, mchezo, kuchagua nguo au kuchelewa kulala nusu saa mwisho wa wiki.

Akiwa amevurugika na anaelekea kabatini, shuka uwe usawa wa macho yake. Taja unachokiona, usiulize kwa nini: "Naona umekunja uso tangu uingie." Kisha hesabu kimoyomoyo mpaka kumi bila kusema, kimya hicho ndicho wazazi hukiruka, wakaanza kuhutubia. Akishatoa neno, hata moja, mpe mambo mawili achague moja: kutoka nje kidogo na wewe au kukaa na karatasi na kalamu za rangi; siku nyingine, kukumbatiwa au kuachwa peke yake dakika 10. Ikiwa saa ya kitafunwa imefika, mpe kitafunwa bila masharti na mazungumzo yaendelee anapokula.

Kinachoharibika hapa kinajulikana. Mtoto aliyezoea kutulizwa kwa biskuti, siku ya kwanza mpaka ya nne ya kunyimwa atalia zaidi ya zamani. Anajaribu njia iliyokuwa ikifanya kazi, kwa sauti ya juu zaidi. Ukikubali siku ya nne, umemfundisha kwamba bei ya biskuti ni kilio cha siku nne. Usianze wiki ambayo umechoka au una wageni.

Ratiba ya mlo, na nani anaamua nini

Mzazi anaamua kipi kipikwe, kiliwe saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Mgawanyo huu unaonekana mwepesi hadi uone mtoto mnene anaomba sahani ya pili na wewe umekaa kimya.

Panga milo mitatu na vitafunwa viwili, kwa nafasi ya saa 3 hadi 4. Chini ya miaka 5, saa 2 na nusu hadi 3. Katikati ni maji tu. Kula mezani au mkekani, televisheni imezimwa na simu ziko mbali, za wazazi pia. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo vyakula vya protini, robo wanga. Bakuli la mboga likae mezani ajiongezee. Sufuria ya wanga ibaki jikoni, anayetaka zaidi ataomba na atapewa. Chakula kipya kiwekwe kidogo tu, kiasi cha ncha ya kijiko, bila kushurutishwa. Inaweza kuchukua mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Sheria iwe moja kwa nyumba nzima. Ndugu yake mwembamba akiendelea kupewa keki huku yeye anatazama, hapo hakuna lishe, kuna ubaguzi.

Wiki za mwanzo, mtoto aliyekuwa amebanwa anaweza kula zaidi ya kawaida. Mwili uliozoea kunyimwa hauamini kwamba chakula kitarudi saa kumi. Kwa kawaida hutulia akiona ratiba haivunjwi. Usitoe neno, wala la kumsifu akila kidogo. Isipokuwa kwa mtoto mwenye ugonjwa wa vinasaba kama Prader-Willi, ambao unazima hisia ya kushiba: huyo anahitaji kabati lenye kufuli na mpango wa daktari, na maneno haya ya kumwachia kiasi hayamhusu.

Ukitaka jambo moja la kubadili kwenye chakula wiki ya kwanza, lianze na vinywaji. Kopo la soda la mililita 330 hubeba karibu gramu 35 za sukari, takriban vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayetumia kilokalori 1,500 hiyo ni kama gramu 37. Kopo moja limekaribia kumaliza fungu la siku nzima, na tumbo halikushiba. Juisi ya matunda, hata ya kukamua nyumbani, inahesabiwa humohumo. Tunda zima halihesabiwi. Anayekunywa kila siku usimkate kwa mkupuo: nusu kopo wiki ya kwanza, siku moja ndiyo na moja hapana wiki ya pili, kisha isikae tena nyumbani. Asichokiona kabatini hakihitaji kukatazwa.

Usingizi, na mtoto anayekoroma

Miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12, na kijana saa 8 hadi 10. Asiyelala vya kutosha hukasirika upesi, hushindwa kujizuia na hutamani vitamu; ukisoma daftari utaona siku mbaya ya kula ikifuata usiku mfupi. Simu na tableti zilale kwenye chumba cha wazazi. Alale mapema zaidi kwa dakika 15 kila baada ya siku tatu, usiruke saa nzima.

Msikilize usiku. Mtoto mnene anayekoroma karibu kila siku, anayekata pumzi kisha kushtuka, anayelala kichwa kimetupwa nyuma, au aliyerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, huenda njia yake ya hewa inaziba usingizini. Mchana haonekani kuchoka kama mtu mzima: anakuwa mkorofi, hatulii, masomo yanashuka. Wapo wanaoitwa watundu, hata wanaodhaniwa wana ADHD, kumbe hawajalala vizuri kwa mwaka mzima. Mrekodi kwa simu dakika chache umwonyeshe daktari. Wakati mwingine tatizo ni tonsili kubwa, vile vinyama vya pembeni mwa koo, na zinatibika.

Kucheza

Lengo la miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchezesha mwili hadi pumzi zipande, na siku 3 kwa wiki mazoezi ya kukaza misuli na mifupa. Dakika hizo zinaweza kukatwa vipandevipande vya 10 na 15. Kukimbia kusiwe adhabu kamwe.

Mtoto aliyechekwa uwanjani usimrudishe uwanjani kwanza. Anza pasipo watazamaji, na mchezo ambao mwili mkubwa haumwangushi: kuogelea, kurusha, kusukuma vitu vizito, michezo ya kujihami, kucheza muziki nyumbani. Tena muulize kama mapaja yanachubuka. Watoto wengi huacha michezo kwa sababu ya michubuko hiyo wasiyoweza kuisema. Kaptura ya ndani inayobana na yenye mguu mrefu humaliza kazi. Nguo za shule nazo ziwe za kipimo chake cha leo. Usimnunulie ndogo "ili ajitahidi".

Akionewa shuleni

Swali "shule ilikuwaje?" huletewa jibu "nzuri". Uliza yenye kona: leo ulikaa na nani wakati wa kula? Nani huchaguliwa mwisho kwenye timu? Kuna mahali shuleni hupendi kupita? Andika tarehe, maneno yaliyotumika na mahali. Nenda kwa mwalimu na mambo matatu yaliyoandikwa, usiende na hasira ya jumla, na uombe kitu kinachotendeka: timu zipangwe na mwalimu badala ya wanafunzi kuchaguana, kuwe na mtu mzima pale anaposumbuliwa, asipimwe uzito mbele ya darasa. Omba tarehe ya kurudi kuulizia. Mtoto ajue unakwenda na utasema nini. Akishtukizwa, safari nyingine hatakueleza.

Lini kwenda kwa daktari

Nenda siku hiyohiyo akizungumza kuhusu kujidhuru au kutamani kufa. Akiwa na kiu na kukojoa kupita kiasi, hasa kama anakonda au anatapika. Akiumwa kichwa na macho kuona ukungu au vitu viwiliviwili. Au akichechemea kwa maumivu ya nyonga, paja au goti. Hili la mwisho hupuuzwa kama uzito wa kawaida, kumbe kwa mtoto mnene anayekaribia kubalehe kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateleza kutoka mahali pake. Asiukanyagie mguu huo mpaka apigwe picha.

Panga miadi ya karibuni ukiona amenenepa huku amesimama kurefuka, kwa kuwa unene wa kawaida wa lishe hauzuii kimo, na hapo homoni ndizo za kuchunguzwa. Vivyo hivyo weusi wenye mguso wa mahameli shingoni au kwapani. Wazazi huusugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, na mtoto anaadhibiwa kwa kutojua kuoga. Ni alama ya mwili kuanza kuikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kula kingi kwa siri akishindwa kujizuia, kujitapisha, kuruka milo, na huzuni au hasira iliyodumu zaidi ya wiki mbili vinahitaji mwanasaikolojia au mshauri nasaha pamoja na mtaalamu wa lishe. Ukipelekwa kwa mmoja, muulize mwingine atapatikana wapi.

Usitegemee kikao kimoja. Mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unataka angalau saa 26 za ana kwa ana na familia, ndani ya miezi 3 hadi 12. Ukipewa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa na kuambiwa "mpunguze kula", uliza tarehe ya kurudi na nani atakayeshughulikia usingizi, hisia na shule.

Baada ya miezi 3

Fanya daftari tena kwa wiki moja kabla ya kupanda mzani, kisha linganisha. Mabadiliko ya kwanza hutangulia uzito: pakiti hazionekani tena chini ya godoro, anaacha chakula kwenye sahani bila kuambiwa, anakula cha shule, anavaa bila kulia, ametaja jina la rafiki mpya. Uzito ukiwa umesimama na urefu umepanda, endelea vilevile, usikaze. Uzito ukiwa umepanda ingawa tabia zimetengemaa, rudia vinywaji, usingizi na orodha ya dawa kabla ya kugusa sahani, kisha peleka namba hizo kliniki. Uzito ukiwa umeshuka kwa kasi na hakuna aliyepanga ushuke, usishangilie: angalia kama anatupa chakula, anajitapisha, au anakojoa mno, na apimwe wiki hiyohiyo.